Mshipa wa Mguu si Takataka

Huku kwetu Miono mguu ukivimba watu husema ni matende. Mishipa ikitokeza na kujipinda kama mizizi juu ya ardhi, wengine husema ni uzee, wengine husema mtu katupiwa kitu. Mgonjwa huvumilia mpaka kidonda kifunguke karibu na kifundo. Akifika mjini huenda akaambiwa neno moja tu: mshipa utang'olewa. Neno hilo mimi nalipinga.

Tuelezane kwanza. Damu ya mguuni hupanda kurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu. Ndani ya mishipa mna vali, yaani vilango vinavyoizuia isishuke. Vilango vikilegea, damu hurudi chini, hutuama, na mshipa hutanuka.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuuchomoa mshipa wa safena, ule utokao kifundoni hadi kinenani. Leza ya siku hizi huuchoma kwa ndani, nayo huuua vilevile. Mwaka 1988 daktari Mfaransa, Claude Franceschi, alitoa njia nyingine, iitwayo CHIVA. Mgonjwa husimama, mishipa yake huchorewa ramani kwa altrasaundi ya Doppler, kisha pale panapovuja tu hufungwa, kwa sindano ya ganzi. Damu hupita kwenye mishipa ya ndani zaidi, na safena hubaki mahali pake.

Ibaki kwa faida gani? Mwaka 1967 René Favaloro, Muargentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, aliutumia mshipa huo kuipitisha damu kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Tangu hapo safena imekuwa akiba ya moyo. Upasuaji wa namna hiyo hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015.

Wapo watakaosema mshipa uliotanuka haufai tena kwa moyo. Ni kweli, ukishaharibika sana. Lakini mara nyingi huharibika kipande, si wote. Watasema njia hii inataka fundi hodari, na asiyeijua anaweza kuleta madhara kuliko kuchomoa. Kweli pia, basi mafundi wafundishwe. Watasema haijathibitika kwamba inazuia ugonjwa kurudi kuliko kuchomoa. Sawa. Lakini njia mbili zikikaribiana, kwa nini tuishike ile inayopoteza? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nisemalo ni hili: kabla ya kisu, pawe na picha, na kabla ya picha, pawe na maelezo. Mkulima aambiwe kinachong'olewa ni nini, kina kazi gani, na kama ipo njia ya kukiacha. Asiyejua kusoma naye aambiwe, kwa Kiswahili. Mguu ni wake.