Kaunti zizibe ufa kabla mvua haijaangusha ukuta

KILA masika yanapowadia, wakazi wa miji yetu hurudia kilio kile kile. Mitaro hufurika, maji taka huingia majumbani na barabara hugeuka madimbwi. Viongozi nao hufika wakiwa na gambuti miguuni, hutoa rambirambi na kuahidi hatua za dharura. Jua likichomoza, ahadi hukauka pamoja na matope.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipaswa kutukomesha tabia hiyo. Zaidi ya watu 200 waliangamia kote nchini, na jijini Nairobi mitaa kama Mathare ilikumbwa na mafuriko yaliyowaacha wengi bila makao. Ni kweli kwamba mvua ya kiwango kile ingeleta madhara hata katika mji uliotunzwa vyema. Hata hivyo, mtaro uliojaa taka na mchanga hauhitaji gharika ili ufurike. Mvua ya saa moja huutosha.

Swali la kujiuliza basi si kwa nini mvua hunyesha, bali ni nani aliyepewa jukumu la kuzibua mtaro kabla haijanyesha. Katika karatasi, jibu ni wazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, uzoaji wa taka na udhibiti wa maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Serikali ya kitaifa ilibakiwa na barabara kuu pamoja na kuweka viwango vya ujenzi na ukarabati.

Lakini mashirika matatu ya barabara, yaani KeNHA, KURA na KeRRA, yalibuniwa kwa sheria ya 2007, miaka mitatu kabla ya katiba hiyo kuidhinishwa. Hadi leo barabara nyingi za mijini na mashambani zina wadai wawili wakati wa kugawana fedha, na hazina hata mmoja wakati wa kufukia mashimo. Mkazi anayelalamikia mtaro ulioziba huweza kuambiwa kwamba barabara ni ya KURA ilhali taka zilizomo ni za kaunti. Huzungushwa kama pia hadi anapochoka na kwenda zake.

Mzozo huo si wa maneno matupu. Mwaka wa 2024 na 2025, magavana na wabunge walivutania Sh10.5 bilioni kutoka kwa hazina ya ukarabati wa barabara. Magavana walisisitiza kwamba fedha hizo zifuate majukumu yaliyogatuliwa, nao wabunge wakashikilia kwamba ziendelee kupitia kwa mashirika ya kitaifa. Wakati mafahali hao wakipigana, nyasi zilizoumia ni wenye matatu, wakulima wanaosafirisha maziwa na mboga, na wanafunzi wanaovuka madimbwi kwenda shuleni.

Mlipaji ushuru ana haki ya kuudhika. Mnamo Julai 2024, ada ya ukarabati wa barabara anayotozwa kwa kila lita ya petroli au dizeli ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Mwaka uliofuata, serikali iliamua kuweka rehani Sh7 za ada hiyo ili kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai. Kulipa madeni ni wajibu, na mwanakandarasi asiyelipwa huacha kazi katikati. Lakini ada iliyoanzishwa mwaka wa 1993 kwa ajili ya matunzo inapotumiwa kulipia ujenzi wa jana, matunzo ya kesho yatalipiwa na nini?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mwanasiasa hupenda kazi yenye utepe wa kukatwa na jiwe la msingi lenye jina lake. Kuzibua kalivati hakuna sherehe. Hata Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, inayozitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, haikuweka kiwango kama hicho kwa matunzo. Matokeo yake ni kwamba lami mpya hutandikwa kwa mbwembwe, kisha huachwa ijitunze yenyewe.

Na lami haijitunzi. Ufa mdogo usipozibwa, maji hupenya na kulainisha tabaka la chini, magurudumu nayo hukandamiza hadi lami hubomoka. Mtaro wa kando ukiwa umeziba, maji hukaa juu ya barabara na kuharakisha uharibifu huo. Kazi ambayo ingemalizwa na vibarua wachache wenye sepetu na toroli huishia kuhitaji zabuni, matingatinga na mamilioni ya pesa.

Tatizo jingine ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, ilhali mvua hunyesha Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Muda mwafaka wa kusafisha mitaro ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa unapochelewa, kama ilivyo kawaida, kaunti hupata fedha wakati maji yameshafika magotini.

Wapo wanaotamani kurejea enzi za mabaraza ya miji. Wasijidanganye. Mabaraza 175 yaliyofikia kikomo baada ya uchaguzi wa Machi 2013 yaliugua maradhi haya haya, licha ya kutengewa asilimia tano ya ushuru wa mapato chini ya sheria ya 1998. Baraza la Nairobi lilivunjwa mwaka wa 1983 na jiji likaendeshwa na tume hadi 1992. Mwaka wa 2020 baadhi ya majukumu ya Kaunti ya Nairobi, zikiwemo kazi za umma, yalikabidhiwa serikali ya kitaifa hadi 2022. Miaka miwili baadaye, mafuriko yalitukuta pale pale. Kubadilisha jina la msimamizi hakuzibui mtaro.

Kinachohitajika si miujiza. Kwanza, kila barabara itangazwe hadharani ni ya nani, na anayeimiliki awe pia mwenye mtaro wake. Pili, mabunge ya kaunti yatenge fungu mahsusi la matunzo, lisiloguswa kwa safari wala semina. Tatu, fungu hilo litumike kwa kufuata kalenda ya mvua, na ripoti ya mitaro iliyosafishwa ichapishwe kwa kila wadi kabla ya msimu kuanza.

Wakazi nao wana sehemu yao. Anayetupa taka mtaroni usiku hana uso wa kulalamika asubuhi, wala mjenzi anayerundika mchanga kando ya barabara. Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humruhusu raia yeyote kuuliza fedha za barabara yake zilikokwenda, na ofisi ya umma hupewa siku 21 kujibu. Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti pia viko wazi kwake. Asiyehudhuria huwaachia wengine wamwamulie.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa tukijenga ukuta huo huo kila mwaka, kwa fedha zetu, na wakati mwingine tukiwazika waliouangukia. Gavana anayetaka kukumbukwa asisubiri utepe. Na aanze na mtaro, wakati jua lingali linawaka.