Sidri, kasiksi na sahani ya sambaza



Juma hii tunaandika juu ya kinywaji na chakula, na tunaanza kwa kuungama kosa letu. Mwezi uliopita tulikwenda kusaidia kazi ya jikoni kwa mwenzetu mmoja wa chama, siku wageni walipokuja kwa mambo ya mahari ya binti yake. Mdogo wake anayekaa Ubelgiji alikuwa amefika na chupa mbili za sidri. Mama wa nyumba naye alikuwa na bidoni mbili za kasiksi, kazi ya mikono yake. Ni ile ile kasiksi inayolipa minervali ya watoto wake, kila mmoja wetu anajua. Basi sisi tuliosoma tukamshauri: "Mama, leo weka bidoni nyuma ya nyumba. Wageni tuwape ya chupa." Alinyamaza, akazibeba.

Sidri ni nini? Ni maji ya matunda ya pome, yaliyokamuliwa na kuachwa yachache mpaka yawe pombe nyepesi yenye povu. Inatengenezwa sana Ufaransa, kule Normandie na Bretagne, tena Hispania na Uingereza. Kwenye chupa ya Kifaransa tafuta neno moja. "Doux" ni tamu na pombe yake ni kidogo. "Brut" ni kali zaidi, sukari yake ni kidogo. Sisi tulikuwa na moja ya kila aina.

Tulifikiri ni kinywaji cha keki. Lakini wenyeji wake hawafanyi hivyo. Watu wa Normandie hupika matumbo ya ng'ombe ndani ya sidri kwa masaa mengi. Watu wa Asturias, kule Hispania, hupika soseji ndani yake. Wabasque huinywa pamoja na omeleti ya samaki wa chumvi, ndugu ya makayabu yetu! Tuliposikia hayo kwa yule mdogo wa mama, tulichukua kopo ndogo, tukaonja jikoni na vyakula vilivyokuwa motoni.

Sambaza ya kukaanga na brut: vilipatana kuliko vyote. Ule ukali kidogo unakata mafuta, kama vile ndimu inavyofanya, na ulimi unataka sambaza nyingine. Fromaji ya Masisi na brut: vizuri sana pia. Sombe yenye mawese mengi: hatukutegemea, lakini brut iliifanya iwe nyepesi mdomoni. Nyama ya nguruwe yenye pilipili ilitaka doux, kwa sababu utamu unatuliza moto. Ukichukua pombe kali juu ya pilipili, moto unazidi tu. Kisichopatana kabisa ni brut na keki. Chakula kikiwa kitamu kuliko kinywaji, kinywaji kinageuka kama siki.

Tukapeleka chupa sebuleni, tumejaa furaha. Mzee mmoja upande wa bwana harusi alionja, akashukuru kwa heshima, kisha akauliza polepole: "Tumekuja kwa jambo la mahari, na kasiksi hatuioni?" Nyumba ikanyamaza. Sisi tuliangalia chini. Mama wa nyumba alitoka, akarudi na bidoni, na tangu hapo mazungumzo yakapata njia.

Baadaye, jikoni, tulionja kasiksi kando ya sidri, na tuliona wazi kwamba ni dada wawili. Moja inatoka kwa pome, nyingine kwa ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa na majani, zikachachishwa na mtama uliokaangwa. Ule mtama unaipa ladha ya moto inayopendana na nyama ya kuchoma. Hata ile kanuni ya chupa inafaa kwake: kasiksi ya siku ya kwanza ingali tamu, ni kama doux, ipe chakula cha pilipili. Ya siku ya pili au ya tatu imekwisha kuwa kali, ni kama brut, ipe sambaza, nguruwe na sombe ya mawese. Ikipita hapo inageuka siki, usiwape wageni.

Wamama wanaotengeneza, tuangalie mambo matatu. Maji ya kuongeza yachemshwe kwanza, kwa sababu kolera haichagui nyumba. Bidoni ioshwe kwa maji ya moto, na isiwe ile iliyobeba mafuta ya gari. Tena, mama mwenye mimba asinywe, wala mtoto asipewe, hata kama ni tamu. Mtoto apewe maji ya ndizi siku ile ile yanapokamuliwa, kabla hayajachacha.

Jioni tulimwomba mwenzetu msamaha. Alicheka akisema: "Ninyi walimu, mlinifanya nifiche minervali!" Tulicheka naye, lakini neno hilo lilituingia. Darasani tunawafundisha watoto waheshimu kazi ya wazazi wao, na nyumbani kwa rafiki tuliipeleka kazi yake nyuma ya nyumba. Siku nyingine ya mahari bidoni itakuwa juu ya meza tangu asubuhi, na ikija chupa ya Ulaya, tutaikaribisha ikae kando yake.

Kwenu munakunywa kasiksi na chakula gani? Mutuambie kwenye mkutano wa juma lijalo. Na anayekuja, akikumbuka, alete sambaza.