Nyimbo Zetu Zikae Nyumbani Kwetu

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi naongeza kuwa mtegemea nyimbo za kampuni hubaki kimya. Najua wako watakaonicheka, lakini ndugu msomaji, nipe sikio kwanza.

Baba yangu ni mpenzi wa rumba. Kwa muda mrefu alikuwa akiilipa kampuni fulani ya muziki wa mtandaoni kila mwezi, akahifadhi nyimbo tele katika simu yake. Muhula wa kwanza ulipofika na karo yangu ikadaiwa, akaacha kulipa. Haikuchukua muda, nyimbo zote zikakataa kucheza. Baba akashangaa, "Kwani si nilizinunua?" La, hakuzinunua! Alizikodi tu kama vile mtu anavyokodi chumba. Ukikosa kodi, unatolewa nje.

Hata anayelipa vizuri hana hakika. Mwaka wa 2020 Google ilifunga huduma yake ya Google Play Music. Wateja walipewa muda wa kuhamisha nyimbo zao, na zilizobaki baadaye zikafutwa.

Je, dawa ni ipi? Kaka yangu, ambaye yuko chuoni, alichukua tarakilishi kuukuu iliyopasuka kioo akaifanya seva. Usiogope neno hilo. Seva ni tarakilishi inayokaa macho ikingoja kuombwa kitu ikitoe, mfano wa karani wa stoo. Alitia Linux, kisha programu iitwayo Navidrome. Hizo ni programu huria: hatukulipa hata ndururu, na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma jinsi zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Ukiionyesha Navidrome folda ya nyimbo, inazipanga yenyewe kwa majina ya waimbaji na albamu. Mama akiwa jikoni anafungua simu yake, anaandika neno la siri, anachagua wimbo, basi.

Wimbo huo unasafiri kwa Wi-Fi ya nyumbani, hauli bando. Tupige hesabu kidogo. Wimbo wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 1 kwa dakika. Ukisikiliza saa moja kila siku kutoka mtandaoni, kwa siku 30 umekula zaidi ya megabaiti 1,700. Sisi tukiwa nyumbani hatuli chochote.

Wapinzani wangu watasema, "Kampuni zina mamilioni ya nyimbo, nyinyi mna mia tatu!" Kweli kabisa. Lakini katika hizo mia tatu mna moja ambayo hakuna kampuni iliyo nayo. Mama alipoolewa mwaka wa 2001, mtu mmoja alirekodi akina mama wa kijiji wakiimba, na anayeongoza ni Nyanya. Kanda hiyo ilikuwa imeanza kukwaruza. Kaka aliunganisha redio kaseti na tarakilishi kwa waya, akairekodi upya kwa Audacity, ambayo pia ni programu huria. Nyanya alituacha mwaka juzi. Siku tuliyoweka wimbo ule kwenye seva, Mama aliusikiliza mara tatu, chai ikapoa mezani. Sasa niambieni, sauti ile ningeikodi wapi?

Sisemi kuwa seva haina taabu. Stima ikipotea, nayo hunyamaza. Diski ikifa, nyimbo hufa nayo, ndiyo sababu tunaweka nakala katika diski ya pili nyumbani kwa shangazi. Tena seva si kibali cha wizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda msanii, naye anakula kwa jasho lake. Weka nyimbo ulizonunua, ulizopewa na mwenyewe, au mlizoimba nyinyi.

Hapo ndipo ninapokigeukia chama chetu. Mwaka jana tulikariri mashairi mbele ya wazazi, tukashangiliwa. Yako wapi leo? Yalirekodiwa katika simu ya mwenzetu, na simu ikapotelea ndani ya matatu. Jasho la muhula mzima likaenda hivyo! Naomba walimu wetu waturuhusu kutumia tarakilishi moja kuukuu katika maabara iwe seva ya Chama cha Kiswahili. Kila mwaka tutie humo mashairi na ngonjera zetu, ili atakayejiunga na shule yetu hata baada ya miaka kumi atusikie.

Shime wenzangu! Nitajitolea kuja Jumamosi kuianzisha, na kaka amekubali kunielekeza. Ninachohitaji ni tarakilishi, diski mbili na wenzangu wawili wasiochoka haraka. Nani yuko tayari?