Mlango wa Hoteli na Heshima ya Mwenyeji

Kila taifa linapojenga nyumba ya kupokea wageni hutamka, pengine bila kukusudia, namna linavyojiona: ama ni mwenyeji aliyemo nyumbani mwake, ama ni mtumishi katika nyumba ya mwenziwe. Kwa kuwa pwani yetu inaendelea kujengwa hoteli mwaka hata mwaka, na kwa kuwa utalii umekwisha kuwa miongoni mwa mihimili ya uchumi wetu, tumeona vema leo kulijadili jambo hili kwa mfano wa hoteli moja iliyo mbali nasi, lakini katika mji ambao wafanyabiashara wetu wanaufahamu kama wanavyoifahamu Kariakoo au Darajani.

Mji huo ni Guangzhou, kusini mwa China, ambako maonyesho makubwa ya biashara ya nje yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1957. Hoteli yenyewe ni White Swan, yaani Batamaji Mweupe, iliyojengwa katika kisiwa cha Shamian, ukingoni mwa Mto wa Lulu. Tulipata kulala humo siku chache, na tuliyoyaona yametufanya tuyatazame upya mambo ya kwetu.

Hapana budi kwanza kukumbuka ardhi ile ilikuwa ya nani. Baada ya Vita vya Pili vya Kasumba, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1856 na 1860, Waingereza na Wafaransa walijitwalia kisiwa cha Shamian, wakakigawana, wakajenga mabenki, makanisa na majumba ya biashara. Mfereji ulikitenga kisiwa na mji, na madaraja yake yalifungwa usiku ili Mchina asivuke. Tarehe 23 Juni, 1925, wafanyakazi na wanafunzi walipoandamana ng'ambo ya mfereji huo, askari wa Kiingereza na wa Kifaransa waliwamiminia risasi, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Mgomo wa wafanyakazi wa Guangzhou na Hong Kong, ambao ulikuwa umekwisha kuanza siku chache kabla, ulidumu zaidi ya mwaka mmoja.

Msomaji atazame lugha yetu ilivyo na hekima. Neno "kasumba" ni jina la ule ulevi ambao Waingereza waliwalazimisha Wachina kuununua kwa mizinga. Na sisi neno hilo hilo tumelifanya jina la maradhi ya fikra, yale ya mtu aliyetawaliwa anayeendelea kujidharau hata baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa. Kisiwa cha Shamian kilizijua kasumba zote mbili. Kwa hiyo, hoteli iliposimamishwa hapo, swali lililokuwapo lilikuwa kama daraja litafunguliwa kweli, au litafungwa tena kwa bei na kwa mlinzi.

White Swan ilifunguliwa mwezi Februari, 1983, kwa ubia baina ya Serikali na tajiri wa Hong Kong, Henry Fok. China ilikuwa ndiyo kwanza inaifungua milango yake kwa mitaji ya nje, na ilikuwa rahisi kuwaita wasanifu wa Ulaya au Marekani waje na michoro yao. Badala yake kazi ilikabidhiwa wasanifu wa Guangzhou wenyewe, She Junnan na Mo Bozhi. Hao walichukua bustani ya kale ya kusini mwa China, yenye mwamba, maji, daraja na kibanda cha kupumzikia, wakaiingiza ndani ya ukumbi wa mapokezi. Mgeni akiingia hukutana na maporomoko ya maji yanayoshuka kutoka juu ya mwamba, na juu yake kibanda chenye paa lililopinda pembe kwa namna ya Kichina. Mwambani yamechongwa maneno yenye maana ya "maji ya nyumbani kwetu". Mkoa ule umetoa wahamiaji wengi waliotawanyika duniani kote, na maneno yale yaliwekwa kwa ajili yao: mtu aliyeondoka akiwa kijana maskini, akarudi mzee kutoka ng'ambo, aoneshwe kwamba kwao kungaliko.

Lakini jambo kubwa kuliko maji na mwamba lilikuwa mlango. Zama zile hoteli za wageni nchini China hazikuwa mahali pa raia wa kawaida. Mchina asiye na shughuli rasmi alizuiliwa nje. White Swan iliamua tangu siku ya kwanza kuwaacha wananchi waingie. Inasimuliwa kwamba umati ulifurika, viatu vikapotea katika msongamano, na karatasi za chooni zikatoweka kwa mabunda. Waoga walishauri mlango ufungwe. Haukufungwa. Uchafu ulisafishwa, karatasi zikaongezwa, na baada ya muda watu walizoea, kama mtu anavyokizoea kilicho chake. Hatimaye, mwaka 2003, Fok aliikabidhi hoteli hiyo kwa Serikali ya Jimbo la Guangdong.

Asubuhi ndipo utamaduni wa mahali pale unapoonekana kwa uwazi. Watu wa Guangzhou wana desturi ya kunywa chai ya asubuhi kwa utulivu, pamoja na vitafunio vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke, na desturi hiyo imo hotelini kama ilivyo mitaani. Tulikuta wazee wa mji wamekaa na wajukuu zao, mto ukipita nyuma ya vioo na mashua zikipishana. Mtu akimiminiwa chai na mwenziwe hugonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili. Hiyo ndiyo ahsante yake, wala mazungumzo hayakatiki. Hakuna aliyevalishwa vazi la kale ili apigwe picha. Tulikumbuka baraza zetu na vikombe vya kahawa chungu, ambavyo katika hoteli nyingi za pwani hii havionekani isipokuwa usiku mmoja wa juma, usiku unaoitwa wa Kiswahili.

Hatusemi kwamba kila kitu pale ni cha kuigwa. Chumba cha White Swan ni cha gharama kubwa, na mfanyakazi wa kiwandani halali humo kwa mshahara wake. Jengo lenyewe ni refu mno kwa kisiwa kidogo chenye nyumba za ghorofa chache na miti mikongwe. Anasa ni anasa, hata ikipambwa kwa bustani ya mababu. Tunachosema ni kwamba anasa hiyo haikumnyang'anya mwenyeji mlango wake, wala haikuugeuza utamaduni wake kuwa kivazi cha kukodi.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Mwaka 1970 vijana wa TANU waliuliza hadharani, katika kurasa za magazeti, kama utalii unaafikiana na ujenzi wa ujamaa. Na makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa G. Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wapo waliosema fedha za kigeni zinahitajika, wakawapo waliosema fedha hizo zitanunua utu wetu. Nusu karne imepita, uchumi umebadilika, na utalii umeshinda kwa hesabu. Lakini swali la utu halijajibiwa. Mpaka leo yapo mageti ambayo mvuvi huulizwa anakwenda wapi, ilhali anakwenda pwani alikozaliwa. Na mlinzi anayemuuliza ni mtoto wa kijiji hicho hicho. Hiyo ndiyo kasumba tuliyoitaja, na haihitaji mizinga ya mtu yeyote.

Wazee wetu hawakuwa na maradhi hayo. Sahani na mabakuli ya Kichina yalifika pwani hii karne nyingi zilizopita. Waliyapanga katika zidaka za kuta zao na kuyapachika katika makaburi yao, kama inavyoonekana hadi leo Kunduchi. Lakini nyumba ilibaki ya Kiswahili, na zidaka lilichongwa na fundi wa hapa. Kitu cha mgeni kilitafutiwa nafasi katika nyumba ya mwenyeji; mwenyeji hakuhamishwa ili kitu kipate nafasi.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwakumbusha viongozi na wawekezaji. Kwanza, njia ya kwenda pwani na ukumbi wa mapokezi visiwe haramu kwa raia mwenye adabu zake. Pili, wasanifu na mafundi wetu wapewe michoro ya kuchora, si milango ya kuchonga tu baada ya michoro kuja imekamilika. Tatu, kila ubia uwe na mpango wa kuwafikisha vijana wetu katika umeneja, na mpango huo ukaguliwe. Nne, mpiga udi, mchonga milango na mpika vileja walipwe kama mabingwa, maana mali wanayoiuza haina kiwanda kingine duniani.

Katika vyuo tulikosomea Kurani tuliusikia sana usemi wa kuitafuta elimu hata ikiwa China. Wanazuoni wa Hadithi wamehitilafiana juu ya sanadi ya usemi huo, nasi hatutaingia katika elimu yao. Lakini Guangzhou yenyewe ina Msikiti wa Huaisheng, ambao mapokeo ya Waislamu wa huko huunasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na mnara wake uliwahi kuwaongoza mabaharia mtoni. Wageni wamekuwa wakiufikia mji ule kwa karne nyingi. Waliokuja kwa heshima walipewa nafasi, na waliofunga madaraja walikwisha ondoka. Nasi tuwakaribishe wageni wetu kwa ukarimu wetu wote, lakini ufunguo wa mlango ubaki mkononi mwa mwenye nyumba.