Msiseme "Ana Kipaji". Mpeni Rula!

Kuna sentensi moja nimeisikia hadi imenichosha: "Huyu mtoto ana kipaji, asaidiwe."

Mnaijua. Dogo wa miaka kumi na mitatu kaunda Scania ya waya, na tela lake nyuma, analiendesha pembeni ya barabara ya Manyoni kwenda Singida. Mheshimiwa mmoja kasimamisha shangingi, kachuchumaa, kapigwa picha. Waandishi wenzangu wamekimbilia kichwa cha habari cha "mtoto mbunifu". Picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siku mbili, wadau wametuma vidole gumba... halafu basi! Shangingi limeondoka, dogo karudi kuchunga mbuzi.

Mimi nasema neno "kipaji" ndilo linalommaliza huyu mtoto. Kipaji tunasema kinatoka kwa Mungu. Sasa kama Mungu keshampa, sisi tunadaiwa nini? Tukisema "ana kipaji" tumejivua mzigo wa kumfundisha. Ni sifa inayotolewa na mtu asiyetaka kuingia gharama yoyote.

Hebu tuangalie kwanza hicho kinachoitwa mchezo. Wadogo kabisa huanza na mabua ya mtama. Wakikua kidogo wanahamia kwenye waya, mwingi unaotoka kwenye matairi chakavu yaliyochomwa. Matairi ni ndala zilizokatwa duara. Bodi ni kopo, au dumu lililokuwa na mafuta ya alizeti, na alizeti ndiyo Singida yenyewe. Usukani unakaa juu ya waya mrefu ili dereva aendeshe akiwa amesimama. Ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Tela linaungana na kichwa kwa pini, likipinda linapinda kama la barabarani. Wengine huweka mikanda ya plastiki ya maboksi chini ya ekseli iwe springi. Hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Kwa nini malori? Kwa sababu ndiyo wanayoyaona. Barabara hii inabeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi. Madereva wanasimama kununua kuku na mafuta. Dogo mmoja wa Puma, wilayani Ikungi, nilimkuta anafunga tairi la nyuma. Nikamuuliza anapimaje.

"Shikamoo braza. Kwa macho tu. Lori likisimama naliangalia, likiondoka basi."

Lake lilikuwa na matairi yenye upana wa kiganja changu, kichwa kifupi, na tela refu kama treni. Zuri kwa mbali. Ila dereva yeyote angecheka, kwa sababu halilingani. Na huyo mtoto si mjinga. Tatizo ni kwamba hajapata mtu wa kumwambia neno moja: uwiano.

Haya, tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Uwiano unaotumika sana duniani kwa modeli za malori ni 1:24, yaani kila sentimita 24 za lori halisi zinakuwa sentimita 1. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44. Ligawe kwa 24: sentimita 51 kwa sentimita 10. Tairi la semi lina kimo cha kama mita 1.08, kwa hiyo ndala inatakiwa ikatwe duara la sentimita 4 na nusu. Ukikata la sentimita 7, umetengeneza tairi la mita 1.68. Hilo ni la mgodini, halifai kwenye semi!

Sasa tuje kwenye uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake lisizidi tani 56. Je, modeli yake itakuwa na uzito gani? Ukigawa kwa 24 umekosea. Umepunguza urefu, upana na kimo, vyote vitatu, kwa hiyo unagawa kwa 24 mara tatu, yaani kwa 13,824. Jibu ni kilo 4 na kidogo. Mtoto akijaza mchanga mpaka kilo nne halafu aone ekseli yake inavyopinda, ataelewa kwa nini malori yanapimwa kwenye mizani kuliko kwa mahubiri yoyote ya ubaoni. Na tukumbuke, Hisabati ndiyo somo linalotuangusha kidato cha nne mwaka nenda mwaka rudi.

Wenzetu hawakuita hiki kitu utoto. Tamiya ya Japani na Italeri ya Italia wanauza maboksi ya vipande vya plastiki, na wanaoyanunua wengi ni watu wazima wenye ndevu, wanaojifungia usiku kuunganisha Scania kipande kwa kipande na kuipanga kabatini. Lakini mfano unaoniuma ni wa Marekani. Mwaka 1930 General Motors walianzisha mashindano ya vijana, Fisher Body Craftsman's Guild. Kwanza vijana walitengeneza modeli za gari la farasi la kifalme, baadaye magari waliyobuni wenyewe, kwa uwiano wa 1:12. Walipewa vipimo na maelekezo, na majaji walikagua kwa makini. Zawadi kubwa ilikuwa ada ya chuo kikuu. Mashindano yaliendelea mpaka 1968.

Charles Jordan alishinda mwaka 1947 akapata dola 4,000 za masomo. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na General Motors, na mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni anayesimamia ubunifu wa magari yote. Mnaona? Kampuni haikupiga picha na kijana ikaondoka. Ilimpa vipimo, ikampima, ikamlipia. (Wasichana waliachwa nje. Huo upungufu tusiuige.)

Najua mtaniambia: "Mambo ya wazungu hayo, wana viwanda." Sisi tulikuwa na TAMCO pale Kibaha, ambako malori ya Scania yaliunganishwa kwa mikono ya Watanzania. Hapo hapo Kibaha kuna Nyumbu, kituo kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya teknolojia ya magari. Lakini kutoka kwa mtoto wa Puma mpaka Kibaha hakuna njia yoyote. Hakuna ngazi hata moja katikati.

Mtaniambia tena: "Shule hazina madawati, wewe unatuletea vigari vya waya?" Jamani! Waya ni wa bure, ndala zimeshachakaa, dumu limetupwa. Kinachokosekana ni rula, koleo, na mtu mzima mwenye dakika arobaini kwa wiki. Tangu 2024 tuna mkondo wa amali sekondari, tunaimba ujuzi, ujuzi, kila semina. Mtoto amefika mlangoni na ujuzi wake mkononi, anaambiwa na mwalimu "tupa takataka hizo", na nyumbani baba anaongeza "acha utoto, soma". Kana kwamba kukata duara la sentimita 4.5 si kusoma!

Kuna kundi la tatu, wale wanaosema watoto watengeneze tuwauzie watalii. Hawa nawaogopa zaidi. Mtalii anapenda gari lililopinda, analiona la asili. Atanunua kasoro zilezile, na mtoto atajifunza kwamba kupinda kunalipa.

Kwa hiyo napendekeza kitu kidogo. Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati hufanyika Nzuguni, Dodoma, na Singida imo. Liwekwe shindano la modeli za malori kwa watoto wa mikoa hii miwili, wavulana na wasichana. Uwiano 1:24. Vifaa vyote viokotwe. Karatasi ya vipimo igawiwe shuleni miezi mitatu kabla. Jaji awe fundi au dereva mwenye rula mkononi, na mheshimiwa akae kwenye viti vya watazamaji. Zawadi isiwe mpira wala kikombe. Iwe boksi la vifaa na ada ya VETA atakapofikia umri. Wenye malori yanayopita hapa kila siku hawatashindwa kuchangia, maana mafundi wa kesho ni wao watakaowahitaji.

Na yule asiyeshinda aambiwe ukweli: tela lako limezidi sentimita sita, rudi mwakani. Hiyo ndiyo heshima. Mtu anayekupima amekuchukulia kuwa fundi.

Waandishi wenzangu, mkikutana na dogo mwenye Scania ya waya, mwekeni pembeni mpiga picha kwanza. Muulizeni tairi lina sentimita ngapi. Akisema hajui, mpeni rula kabla hamjaondoka. Dukani ni bei ya chai na maandazi.