Neno la Wiki: NAZDIK



Neno la leo limetoka kwa binti yangu. Yuko Marekani, katika jengo wanamoishi wakimbizi wa nchi nyingi. Mwezi uliopita alijifungua, na mimi niko hapa Bukavu. Mnajua kwetu mzazi haachwi peke yake: huyu anamkanda kwa maji ya moto, huyu anapika uji, huyu anafua. Kule alikuwa na mume tu, tena anayefanya kazi usiku.

Jirani wa mlango wa pili ni mama wa Afganistani. Anasema Kidari, ndicho Kiajemi cha kwao. Siku ya tatu aligonga mlango, mkononi sufuria ya supu. Binti alikuwa akiongea nami kwa simu. Yule mama akaionyesha simu, akauliza: "Madar?" Maana yake mama. Binti akaitikia kwa kichwa. "Dur," akasema yule mama, mkono ukielekea dirishani. Halafu akajigusa kifua: "Man nazdik."

Mama yuko mbali. Mimi niko karibu. Nililia, siwafichi.

Dur ni mbali, nazdik ni karibu. Hilo dur mnalo tayari bila kujua: darubini ni neno la Kiajemi, dur na bin, chombo cha kuona mbali. Nazdik hutumika kama karibu yetu. Nyumba iliyo karibu na soko ni "nazdik-e bazar". Ndugu wa karibu pia ni nazdik. Hata mtu aliyeponea chupuchupu kuanguka huisema kwa neno hilo, kama sisi tunavyosema "karibu nianguke".

Lakini angalieni: mgeni akibisha hodi, usimwambie nazdik! Atashangaa. Kumkaribisha wanasema "khosh amadid". Mimi ningekosea hapo siku ya kwanza.

Jumapili niliomba nipewe huyo mama kwenye simu. Nilikuwa nimejifunza neno moja tu, "tashakor", asante. Akajibu maneno mengi sana, nikashika moja: nazdik.

Ninyi wenye watoto mbali, waulizeni jirani zao wanasema lugha gani. Mniletee neno moja kwenye mkutano, tutaliandika hapa.