Mbona Mpangaji Ndiye Ananunua Sakafu?

Ingia TikTok saa hii utapata msee wa miaka 22 anaonyesha keja yake: taa za rangi ukutani, na chini mkeka wa mbao unang'aa. Inapendeza, siwezi kataa. Lakini hiyo sakafu ni ya nani?

Ploti nyingi Nairobi na viunga vyake zinapangishwa na saruji tupu. Tena saruji ya ubahili, mchanga mwingi simiti kidogo, hadi kila ukifagia unatoa vumbi jipya. Unalipa dipoziti, unalipa kodi, halafu kabla hata hujanunua meko unasaka pesa ya mkeka. Na ukihama? Kama fundi aliubandika kwa gundi, umeuacha. Anayekuja anaambiwa nyumba "imefanyiwa kazi" na kodi imepanda. Yaani pesa yako ndiyo imempandishia mwenzako kodi.

Malandilodi husema wapangaji wanaharibu, kwa hivyo wacha waweke kitu rahisi. Sawa, lakini rahisi ni ipi? Wengine wanachukua taili za ukutani wanaziweka sakafuni. Hizo ni laini, zinapasuka sufuria ikianguka, na zikilowa ni barafu. Cheki terazo za shule na hospitali za zamani: mawe madogo ndani ya simiti, yakasagwa na mashine hadi yakalainika. Watoto wamezikimbilia miaka na miaka na bado zinapigwa deki tu. Najua terazo si bei ya ploti ya bedsita. Basi piga niru safi, hata ile nyekundu ya kwa shosho. Fundi anayejua kazi na simiti ya kutosha, imeisha. Na kama ni lazima taili, chagua za sakafu zisizoteleza, ubakishe boksi moja stoo, maana ukirudi dukani hiyo rangi huipati.

Wewe mpangaji, ongea kabla ya kulipa dipoziti, ndio wakati pekee landilodi anakusikiliza. Mwambie utaweka sakafu kama atakata kiasi fulani kwa kodi, na akikubali, akutumie meseji. Maneno ya mdomo husahaulika mwisho wa mwezi.

Akikataa, nunua mkeka mzito kidogo, ule mwembamba kama karatasi unatobolewa na miguu ya kitanda. Usiubandike. Utandaze, ushikilie kando na selotepu ya pande mbili, siku ya kuhama uukunje mwende. Kama uko chini kabisa ya jengo, kwanza bandika kipande cha nailoni sakafuni usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone ya maji chini yake, wachana na mkeka kabisa. Utaota ukungu na nyumba itanuka, na hiyo dipoziti nayo utaambiwa imetumika kusafisha.